UZI: Ngitili, shimo la ng'ombe la Ukara, kibanja cha Buhaya na giza la dagaa. Jamii za ziwa letu zilivyojipanga na ardhi, miti na maji

NyasiZaKwimba

Wakuu, salaam.

Mijadala ya mazingira hapa Kanda ya Ziwa huishia palepale: wazee waliheshimu maumbile, sisi tumeyaharibu. Kauli hiyo haimsaidii mtu anayetaka kurudisha nyasi kwenye mlima uliobaki kokoto. Kuzunguka ziwa hili moja kuna jamii zilizojipanga na ardhi, miti na samaki kwa namna zisizofanana kabisa, na nyingine zinatazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Naomba tuziweke hapa kwa undani: walifanya nini, kwa hatua zipi, kwa sababu gani, na palivunjika wapi. Wenye kuijua Ukara, Bukoba na uvuvi nawasubiri. Naanza na Usukumani.

Msukuma huisoma ardhi kwa kuteremka nayo. Juu ni mlima wa mawe ya itale. Chini yake ni luseni, mchanga mwepesi uliozaliwa na mawe hayo. Hapo ni muhogo, viazi vitamu, karanga na njugu mawe. Ukishuka tena unakuta itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini lisilopitisha maji, na ndiyo maana majaluba ya mpunga yalikaa hapo: maji ya mlimani yakizuiwa na tuta yanatuama. Chini kabisa ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mbuga ni ya pamba na mtama, na ya dengu, ambayo hupandwa mvua zikiishia, Aprili au Mei, ikakomazwa na unyevu uliobaki ardhini. Njiani kuna ibambasi, udongo mgumu wenye chumvi. Huo huachwa. Anayeulazimisha huonekana kwa mbali, mimea yake ina madoa ya upara.

Ngitili, yaani malisho ya akiba yanayofungwa ili yapumzike, huwekwa kwa kufuata usomaji huo: kwenye mteremko uliochoka, au ukingoni mwa itogolo na mbuga ambako nyasi huwahi kurudi. Zipo za familia, ekari chache karibu na mji, na zipo za kijiji au za shule zinazoweza kufika mamia ya ekari. Hufungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Kuanzia hapo haingii ng'ombe mpaka nyasi zimekua, zimechanua, zimedondosha mbegu na kukauka zikiwa zimesimama. Mifugo humaliza kwanza malisho ya nje, halafu mabua mashambani baada ya mavuno. Ngitili hufunguliwa Julai au Agosti, wakati nje hakuna kitu, na haifunguliwi yote. Kipande kimoja kinalishwa mpaka kiishe ndipo cha pili kiguswe. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, walio wagonjwa, na maksai wa plau, kwa sababu maksai akifika Novemba amekonda, shamba linachelewa na msimu mzima umepotea. Kuni ni zile kavu zilizoanguka. Kosa na faini vilitamkwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakasimamia.

Palivunjika wapi? Pigo halikuwa moja. Wakati wa mkoloni misitu mikubwa ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikapanuka. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu wakaacha ngitili zao nyuma, na ngitili isiyo na mwenyewe haimalizi kiangazi kimoja. Shinyanga ikafika mahali pa kuitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, mwaka ambao ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Ulipofungwa 2004 zilizorudi zilizidi hekta 300,000. Naona sababu kubwa ni kwamba HASHI haikuja na mfumo mpya. Iliuchukua ule ambao watu walishaujua, ikarudisha mamlaka yake kwa dagashida na serikali za vijiji.

---

Msomaji_Igoma

Ahsante mkuu. Hizo hekta zilirudi kwa kupanda miche? Miche inayogawiwa vijijini kila masika, mingi ikifika Septemba imekauka.

---

AfisaNyanda

Sehemu kubwa haikupandwa, ndugu Msomaji. Chini ya ardhi iliyofyekwa mizizi ya migunga na jamaa zake hubaki hai miaka mingi. Kila mwaka inachipua, kila mwaka machipukizi yanaliwa na mbuzi au yanakatwa na jembe. Ukizuia mifugo na moto misimu miwili mitatu, yanapita urefu ambao mbuzi anaufikia, na mti wenye mizizi ya miaka ishirini hukimbia kuliko mche wowote wa kwenye kiriba.

Kazi ya mkono ni hii. Kiangazi, kabla mti haujaanza kuchipua, nenda kwenye kila kisiki hai, acha mashina mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine karibu kabisa na kisiki. Kwenye yaliyobaki pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, usizidi hapo; ukimnyang'anya mti majani mengi anarudi kuwa kichaka. Funga kitambaa kwenye shina ili mchungaji na mkata kuni wajue mti huu una mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa rudi uondoe vichipukizi vipya pale chini.

Sasa jambo ambalo halisemwi. Ngitili inaweza kufa kwa kufungwa vizuri mno. Ikikaa miaka kumi bila kupunguzwa miti, matawi yanakutana, jua halifiki chini, nyasi zinakufa. Mwenye ng'ombe anaona hana malisho, anaifyeka yote kwa mkaa. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa nne au wa tano punguza: toa mashina yaliyopinda na yaliyobanana, nguzo na kuni zipatikane humo, jua lifike ardhini.

Na moto. Nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama ni petroli. Barabara ya kuzuia moto ya mita nne au tano, iliyokwanguliwa mpaka udongo uonekane, iwe tayari kabla ya Juni. Ukingoja Agosti umechelewa, maana ndio wakati jirani anasafisha shamba lake kwa kiberiti.

---

BwisyaUkara

Naleta ng'ambo ya pili. Ukara ni kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe, na udongo wake mwingi ni mchanga wa itale uleule mnaouita luseni. Ila Msukuma luseni ikimchoka aliweza kuipumzisha akalima kwingine. Mkara amezungukwa na maji, hana pa kuipumzishia. Akalazimika kuilisha ardhi kila mwaka, na mfumo wake ulianza kuwashangaza maofisa wa kilimo wa Kiingereza tangu miaka ya 1930.

Moyo wa mfumo ni ng'ombe wa ndani. Wachache tu kwa kaya, na makao yao ni shimo ndani ya nyumba, kina kama mita moja. Wanaletewa nyasi na majani, wanayosaza yanakuwa matandiko. Samadi, mkojo na majani vinakanyagwa pamoja humo kwa miezi, shimo linajaa polepole, kisha hutolewa na kubebwa kwa vikapu mpaka shambani kabla ya kupanda. Siri iko kwenye mkojo. Sehemu kubwa ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na karibu potashi yote, hupitia mkojo. Boma la wazi la huku bara likinyeshewa, hiyo yote inakwenda na maji, na unachokisomba shambani ni mabaki. Shimo lenye paa na matandiko linaushika.

Malisho yanatoka wapi kwenye kisiwa kilichojaa watu? Kando ya ziwa Wakara walichimba ardhi mpaka wakakaribia maji, wakapanda nyasi humo chini ambako mizizi haijui kiangazi, wanakata, zinarudi. Majani ya miti nayo ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo kila mti una mwenyewe anayejulikana. Huwezi kukwea mti wa mtu ukakata matawi eti kwa sababu umesimama njiani.

Shambani zao la kwanza ni uwele. Ukiwa umesimama, kati ya mistari husiwa marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo. Uwele unavunwa, marejea inabaki ikiendelea, kisha inafukiwa ingali mbichi. Wakati wa kufukia ndio unaowashinda wengi wanaojaribu. Marejea ikishakuwa ngumu kama mti na kukomaza mbegu, inaoza polepole, na vijidudu vinavyoiozesha vinaanza kuchukua naitrojeni ya udongo badala ya kuiongeza. Ifukie maua yanapoanza, shina bado linavunjika kwa vidole. Njugu mawe zina zamu yake kwenye mzunguko huo wa miaka mitatu, nazo ni jamii ya kunde, zinarudisha kitu. Miteremkoni kuna kuta za mawe zinazoshikilia udongo, na kila mvua kubwa kuna jiwe la kurudishia.

Sasa jambo ambalo ningependa uzi huu ulitafakari kwa uzito. Wakara walipohamia bara ambako ardhi ilikuwa tele, wengi hawakuchimba shimo, hawakusia marejea, hawakukata nyasi. Walilima kama majirani zao waliowakuta. Watu ni walewale, ujuzi ni uleule. Kwa hiyo tusiseme Mkara anaipenda ardhi kuliko Msukuma. Kazi ile inakula mikono ya kaya nzima karibu mwaka mzima, na inalipa pale tu ambapo ekari moja haina mbadala.

---

Bint_Kanyigo

Kaka BwisyaUkara umegusa penyewe. Buhaya ni jibu la tatu kwa swali hilohilo.

Ukanda wa ziwa Bukoba hupata mvua milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Mgeni huona kijani akadhani udongo ni tajiri. La. Mvua hiyo imeusafisha rutuba kwa maelfu ya miaka, na uthibitisho ni rweya, yale maeneo wazi ya nyasi kati ya kijiji na kijiji: panda mahindi pale bila kitu uone rangi yake. Kibanja, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, kilicho hatua mia kutoka hapo, udongo wake ni mweusi na laini. Udongo ule ulitengenezwa na watu. Ng'ombe walikula rweya mchana, wakalala nyumbani, samadi ikabaki kibanjani. Nyasi zikakatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Vizazi kwa vizazi rutuba ya eneo kubwa ilibebwa ikarundikwa kwenye eneo dogo kuzunguka nyumba, na juu yake wakapanga ghorofa: mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, mti wa kivuli juu ya yote.

Anayetaka kutandaza nyasi afanye hivi. Zikatwe kabla hazijakomaza mbegu, la sivyo unapanda magugu kwa mikono yako. Tandaza unene wa kiganja au zaidi, ila acha duara tupu kuzunguka shina la mgomba, urefu wa mguu hivi. Nyasi zikigusa shina zinatunza unyevu na giza, na fukusi wa migomba anapataka hapo hapo. Hutaga kwenye tunguu, funza wake wanalitoboa, upepo ukija mgomba unalala. Ukishakata mkungu, shina la zamani lipasue vipande likauke haraka.

Kilichovunja ni ng'ombe kupungua. Kaya nyingi hazina tena hata mmoja, na rweya imeingia miti ya mbao na viwanja, hivyo nyasi nazo zimekuwa za kununua. Kibanja kinanywea kuanzia pembeni: migomba ya mbali na nyumba hudhoofika kwanza, inabaki ile inayopata majivu na maganda ya jikoni. Mgomba dhaifu fukusi humuona. Halafu mwaka 2006 ukaingia mnyauko wa bakteria Kagera. Huo hauna dawa. Kata ua dume mara chane la mwisho linapotoka, na ulikate kwa mti wenye panda, usitumie kisu. Kisu kinabeba ugonjwa mgomba hadi mgomba. Panga lipitishwe motoni au kwenye maji ya jiki kila unapohama shina.

---

Mzee_wa_Kisesa

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Lakini mmeiweka hesabu ya mikono na samadi, mmeisahau hofu. Miti iliyosalia kwenye vilima vya matambiko Usukumani haikusalia kwa faini. Ilisalia kwa sababu usiku, mtu akiwa peke yake na shoka, aliogopa.

Tazameni Kaya za Wamijikenda, pwani ya Kenya. Zilikuwa ngome za kale za makazi, zikageuka misitu mitakatifu chini ya wazee, na miiko ilikataza hata kubeba kijiti kikavu. Misitu ya kando yake ikaisha, Kaya zikabaki, na mwaka 2008 UNESCO ikaziweka kwenye Urithi wa Dunia. Buganda kila ukoo una mzio wake: wa Mmamba hawali samaki kamongo, wa Nkima hawali kima, wa Ngabi hawali pongo. Mnyama mmoja anakuwa na maelfu ya watu wasiomgusa, na watoto wanajifunza hilo kabla ya kujua kusoma.

Na kuna funzo la upande wa pili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa maendeleo wa Usukuma. Mambo mengi waliyoyataka yalikuwa sahihi kitaalamu: matuta yafungwe kwa mikingamo ili maji yasitoroke, samadi iende shambani, ng'ombe wapunguzwe. Lakini yalikuja kwa amri, kwa faini na kwa kodi ya mifugo. Watu wakayakataa yote kwa pamoja, siasa ikachemka mpaka TANU ikapigwa marufuku huku kuanzia 1954 hadi 1958. Uhuru ulipokuja, hata mikingamo yenye faida iliachwa kwa sababu ilinuka amri.

---

BwisyaUkara

Mzee, shikamoo. Nakubali hofu ililinda. Wasiwasi wangu ni kwamba hofu hairudishwi kwa semina. Kijana aliyelelewa bila mwiko huo hataupata kwa kuambiwa babu yake aliushika. Na miiko ya ulaji haikupangwa kulinda akiba: kamongo ana ukoo wa kumsitiri Buganda, furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hakuwa na mtu.

---

Mzee_wa_Kisesa

Marahaba mwanangu. Hairudishwi, kweli. Lakini palipo bado na wazee wanaoheshimiwa, faini ikitamkwa na wao inalipwa bila kwenda mahakamani. Hilo ndilo HASHI walilitumia, na hata ngazi ya kijiji leo linawezekana.

---

DagaaWaGiza

Kwenye maji hesabu inabadilika, maana samaki hana uzio. Niende moja kwa moja.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa inawavuta juu, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kama kumi za kukaa: nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa. Watu wanaoandika habari za hekima ya wavuvi huiita mapumziko ya kulinda samaki. Sivyo. Ni mwezi unaokataa. Lakini matokeo yake ni ya kweli, dagaa wanapata nafasi, na yeyote atakayebuni namna ya kuvua mwezini afikirie anachokiondoa. Karabai zimetoka, zimeingia taa za betri na sola, nyepesi na kali zaidi. Taa kali karibu na ufukwe ni hasara kwa wote, kwa sababu wavu wa dagaa pale unakusanya vifaranga vya sangara na sato. Peleka taa kwenye kina.

Upepo nao ni ratiba. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka nchini kwenda ziwani na kuwasukuma wavuvi. Mchana unageuka na kuwarudisha. Pepo hizo za usiku kutoka pande zote zikikutana katikati ndipo mawingu ya radi yanapopanda, ndiyo maana dhoruba mbaya za ziwa ni za usiku na alfajiri.

Sato na ngege huchimba viota kwenye mchanga wa maji mafupi, kisha mama anabeba mayai na vifaranga mdomoni. Kokoro, wavu mkubwa wa kuburuta, linakokotwa hapo hapo. Linapokwangua mchanga huo linang'oa viota na linamfanya mama ateme vifaranga, hivyo kosa lake ni zaidi ya macho madogo. Hata ungelitengeneza kwa macho makubwa bado lingeharibu.

Halafu mafunjo. Ndani ya mafunjo hewa kwenye maji ni kidogo. Sangara hawezi kuvumilia hali hiyo. Furu kadhaa wanaiweza, na kamongo anapumua hewa ya juu kabisa. Kwa hiyo ukanda wa mafunjo ni ukuta ambao sangara haupiti. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, na ghuba ya Mwanza ilipoteza furu wengi ndani ya miaka michache mbele ya watafiti waliokuwa wakiwahesabu. Walionusurika, wengi wao walikuwa kwenye miamba na ndani ya mafunjo. Anayechoma mafunjo apate bustani ya mchicha anabomoa ukuta huo. Ukihitaji ya kufumia majamvi, kata bua juu ya usawa wa maji, ruka sehemu, usirudie ulipokata kabla mabua mapya hayajafungua vichwa. Ukikata kila mara, mzizi unatumia akiba yake mpaka unaoza.

Na hapa ziwa linakutana na ngitili zenu. Furu na dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta, jua pekee linamwozesha. Lazima afukizwe moshi au akaangwe, na vyote vinataka kuni. Visiwa vingi viliona miti yake ikiingia kwenye tanuri la sangara miaka ileile samaki huyo alipoleta fedha. Dagaa mkaushie kichanjani, juu ya wavu uliokazwa kimo cha kiuno, tabaka moja. Jua zuri la siku moja linatosha. Wa mchangani wanakwenda kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

---

Msomaji_Igoma

Na kisiwa cha Rubondo je? Pale hakuna ngitili wala mwiko, ni hifadhi tu, na msitu umesimama.

---

NyasiZaKwimba

Rubondo ni wazo lingine kabisa, la Kizungu kwa asili yake: maumbile yanalindwa kwa kuwaondoa watu. Wakazi wavuvi walihamishwa miaka ya 1960, sokwe waliokuwa Ulaya wakaletwa kati ya 1966 na 1969, ikawa Hifadhi ya Taifa 1977. Msitu umesimama kweli na mazalia ya samaki kando yake yamelindwa. Ila inahitaji kisiwa, askari na bajeti ya kila mwaka. Huwezi kuifanya Kwimba nzima.

Na si Wazungu wote waliofikiri hivyo. Kijiji cha Törbel, kwenye milima ya Uswisi, kina kanuni ya malisho ya pamoja iliyoandikwa 1517: hakuna ruhusa kupeleka malisho ya kiangazi ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha nyumbani majira ya baridi kwa nyasi zako mwenyewe. Hawakuhesabu utajiri wa mtu, walihesabu nyasi alizovuna. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, aliutumia mfano huo kuonyesha kwamba mali ya pamoja haifi kwa kuwa ya pamoja. Inakufa ikikosa mipaka, kanuni na watu wa kutoza faini. Msukuma wa ngitili na mfugaji wa Törbel wangeelewana kabla ya chai kupoa.

Kwa hiyo kwa kijiji kinachotaka kuanza leo, fanyeni karatasi mapema. Mipaka ikubaliwe na vijiji jirani na kuchorwa. Eneo liingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria ndogo zipite halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kata, mpaka baraza la madiwani. Ngitili ya familia ipate hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na majina ya mke na watoto yaandikwe humo, kwa sababu ngitili nyingi za familia hufa siku ya matanga: ekari kumi zikigawanywa kwa watoto watano, kila mmoja anabaki na mbili, na ekari mbili hazipumzishwi, zinalimwa.

Swali langu kwa AfisaNyanda: tunajuaje ngitili inabeba ng'ombe wangapi? Vijiji vingi vinakisia.

---

AfisaNyanda

Msikisie, pimeni. Mwisho wa mvua, Mei au mapema Juni, nyasi zikiwa zimekomaa, tengenezeni fremu ya mti ya mita moja kwa moja. Itupeni sehemu ishirini hivi, na msichague penye nyasi nzuri tu. Tembeeni mstari ulionyooka na kuitupa kila hatua hamsini. Kateni nyasi zote ndani ya fremu kwa mundu, mkiacha vidole vitatu juu ya udongo. Msihesabu miba wala majani yasiyoliwa. Anikeni mpaka zivunjike mkononi, pimeni kwa mizani ya duka, tafuteni wastani. Gramu za mita moja zidisheni kwa kumi, mmepata kilo kwa hekta. Kwa mfano gramu 150 ni kilo 1,500.

Nusu ya hizo si zenu. Zinabaki kufunika udongo na kulisha mizizi, la sivyo mvua ya kwanza inasomba. Zinabaki kilo 750.

Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 anakula kavu kama asilimia mbili na nusu ya uzito wake kwa siku, yaani kilo sita na robo. Kuanzia katikati ya Julai mpaka katikati ya Novemba ni kama siku 120. Mara sita na robo, kilo 750. Kwa ngitili ya mfano huo, basi, ni hekta moja kwa ng'ombe mmoja. Mbuzi na kondoo hesabuni kumi kwa ng'ombe mmoja.

Mkikuta kijiji kina ng'ombe 400 na ngitili ya hekta 100, msifute ngitili. Iwe ya maksai, ndama na wanaonyonyesha pekee, wengine watafutiwe mabua, na mabua hayo yakatwe na kurundikwa juu ya kichanja mara baada ya mavuno, kabla mchwa na jua havijayamaliza. Na pimeni kila mwaka, maana mwaka wa mvua haba gramu 150 zinaweza kuwa 60, na idadi iliyopitishwa mwaka jana itaimaliza ngitili kabla ya Septemba.